UZI: Premchand, mwandishi wa hadithi fupi aliyeishi na lugha moja yenye hati mbili

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma nyuzi za vitabu humu miaka mingi bila kufungua wa kwangu. Leo nafungua, na ni mrefu, nitauweka vipande vipande. Mwenye swali aulize katikati, nitasimama nimjibu.

Ulianzia kwenye sanduku la bibi yangu, mzaa baba. Alipofariki huko Pangani vitu vikagawanywa, mimi nikaangukiwa na daftari zake tatu. Ni za Kiswahili kuanzia jalada hadi jalada, ila kwa herufi za Kiarabu. Msahafu nausoma, maana una irabu zake zote. Mwandiko wa bibi ni mwingine: wa haraka, hauna irabu, na herufi ya be anaitumia kwa b, kwa p na kwa mb, msomaji ujijulie mwenyewe. Nimesoma Kiswahili hadi chuo kikuu, nafundisha Kiswahili, na ukurasa mmoja wa bibi yangu unanichukua jioni nzima nao bado haujafunguka. Hilo limeniuma kuliko nilivyotegemea.

Katika kutafuta watu waliowahi kuishi na jambo kama hili ndipo nikamfikia Premchand wa India. Hadithi fupi karibu 300, riwaya zaidi ya kumi, na karibu maisha yake yote aliyapitisha kati ya Kiurdu na Kihindi. Nimemsoma sana miezi hii, na nataka tumzungumze hapa kwa Kiswahili, maana ni mtu wa karibu yetu kuliko tunavyodhani.

Jina alilopewa na wazazi ni Dhanpat Rai. Alizaliwa tarehe 31 Julai 1880 katika kijiji cha Lamhi, karibu na Banaras, mji ambao leo unaitwa Varanasi. Baba yake alikuwa karani wa posta. Ukoo wao ni Wakayastha, watu ambao kwa vizazi vingi walikula kwa kalamu: ukarani, hesabu, mashamba ya serikali, mahakama. Na kalamu ya karani wa kaskazini mwa India enzi hizo iliandika Kiurdu, na nyuma ya Kiurdu kuna Kiajemi. Kwa hiyo mtoto huyu, ambaye kwa dini ni Mhindu, alipelekwa kwa maulvi, mwalimu wa Kiislamu, wa kijiji cha jirani, akakaa chini na wenzake, akaanza alifu, be, pe, te. Sisi wa pwani tunaijua picha hiyo vizuri, ubao mapajani, mwalimu mbele na bakora.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minane hivi. Baba akaoa tena, wakahamia Gorakhpur kwa ajili ya kazi, na mtoto akakimbilia hadithi. Alikuwa akienda kwenye duka la mwuza tumbaku kusikiliza mikasa mirefu ya Kiajemi ya majini na uchawi. Baadaye akapatana na mwuza vitabu: anamwuzia vitabu vya maelezo ya masomo kwa wanafunzi wenzake, na kwa malipo anaruhusiwa kuchukua riwaya kwenda kuzisoma nyumbani.

Naendelea baada ya Isha.

#2 Kijana wa Ilala

Nimekaa kitako mkuu. Hilo la daftari za bibi limenigusa, kwetu zipo pia na hakuna anayezigusa.

#3 Mleta mada

Shukrani mkuu. Tuendelee.

Akiwa na miaka 15, bado yuko shule, babu yake wa kambo akamtafutia mke. Mwaka 1897 baba akafariki, na kijana akaachiwa nyumba nzima ya kulisha. Akafaulu mtihani wa kumaliza sekondari kwa daraja la pili, na daraja la pili halikumpa msamaha wa ada ya chuo. Tena hesabu zilimshinda kabisa. Akapata kazi ya kumfundisha mtoto wa wakili kwa rupia 5 kwa mwezi, akalala kwenye chumba cha udongo juu ya banda la farasi la wakili huyo, na zaidi ya nusu ya mshahara akaipeleka nyumbani.

Sasa kuna jioni moja ambayo aliisimulia mwenyewe uzeeni, nayo nimeirudia mara nyingi. Ni majira ya baridi. Hana kitu. Siku mbili amepitisha kwa dengu za kukaanga za pesa moja moja. Mwenye kumkopesha alikuwa ama amemkatalia, ama yeye mwenyewe aliona haya kumwendea tena, na hapo anaeleza wazi kwamba hakumbuki ni lipi kati ya hayo mawili. Taa zimeshawashwa mitaani. Anachukua kitabu cha majibu ya hesabu, alichokinunua kwa rupia 2 na kukitunza kwa miaka miwili, anakwenda kukiuza. Wanapatana rupia 1. Anaitia mfukoni, anateremka dukani, na mtu mmoja mwenye masharubu makubwa aliyekuwa amekaa pale anamwita: unasoma wapi? Kumbe ni mwalimu mkuu wa shule ndogo, anatafuta msaidizi. Mshahara, rupia 18 kwa mwezi.

Hivyo ndivyo alivyoingia ualimu mwaka 1899, shule ya Chunar. Kwake rupia 18 zilikuwa zaidi ya ndoto. Mimi ni mwalimu, na kwangu habari hiyo si ya kubuni kabisa.

Naomba tuliangalie neno moja kabla sijasonga. Pesa. Senti ndogo ya India inaitwa paisa, na pesa zilizotembea pwani yetu ni hizo hizo. Hata Wajerumani walipokuja Tanganyika waligonga sarafu iliyoandikwa pesa, 64 kwa rupia moja. Mwandishi huyu anapomtaja mtu maskini mwenye "pesa tatu", mzee wa Pangani wa mwaka 1900 asingehitaji mkalimani.

#4 Mama Wawili

Mwalimu, samahani nakukatiza. Kiurdu na Kihindi ni lugha moja au mbili? Majirani zangu hapa Kariakoo wengine wanasema wanazungumza Kiurdu na wengine Kihindi, nami naona wanaelewana bila shida.

#5 Mleta mada

Dada yangu, swali lako ndilo roho ya uzi huu.

Sokoni na jikoni ni lugha moja. Vitenzi ni vile vile, sarufi ni ile ile, "njoo ule" ni "njoo ule". Tofauti ziko mbili. Kwanza hati: Kiurdu kwa herufi za Kiarabu zilizopitia Uajemi, zinaanzia kulia; Kihindi kwa Kidevanagari, kinaanzia kushoto, na kila neno linaning'inia chini ya mstari wake. Pili, lugha ikipanda juu kwenda kwenye elimu, siasa na fasihi, Kiurdu kinakwenda kuazima kwa Waajemi na Waarabu, Kihindi kinakwenda kuazima kwenye Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Kwa hiyo watu wanaochekeana dukani wanaweza wasielewane gazetini.

Na hati ilikuwa ajira. Mahakama na ofisi za jimbo lao zilitumia hati ya Kiurdu miaka mingi, mpaka mwaka 1900 serikali ya Waingereza ilipotoa amri kwamba Kidevanagari nacho kikubaliwe. Kutoka hapo swali la unaandika kwa herufi zipi likawa swali la wewe ni nani, mtoto wako atapata kazi gani, kura yako iko wapi. Premchand alikuwa na miaka 20. Utu uzima wake wote uko ndani ya ugomvi huo.

Ona majina ya vitabu vyake. Riwaya moja kwa Kihindi inaitwa Karmabhumi. Kwa Kiurdu ni Maidan-e-Amal. Zote mbili maana yake uwanja wa matendo. La pili mbona tunalielewa? Amali hiyo hapo. Nyingine kwa Kihindi ni Premashram, makao ya upendo. Kwa Kiurdu ni Gosha-e-Afiyat, kona ya usalama, na afya yetu imo ndani yake. Kitabu kile kile, mtu yule yule, lakini mlango anaougonga ni mwingine, na salamu anayoitoa mlangoni ni nyingine.

#6 Mwenyeji wa Lamu

Mimi nilisoma chuo kwa mwalimu aliyekuwa anaandika tenzi kwa herufi za Kiarabu. Hiyo be ya bibi yako naijua. Ukiweza piga picha ukurasa mmoja uweke hapa, nitajaribu.

Halafu utuambie, kwa nini aliacha jina lake? Premchand si Dhanpat.

#7 Mleta mada

Kaka, Mungu akubariki. Picha nitaiweka kesho kukiwa na mwanga.

Jina. Alipoanza kuandika alitumia Nawab Rai, jina la utani alilopewa na ami yake. Alikuwa mtumishi wa serikali, katika idara ya elimu, na hadithi zake za Kiurdu zilitoka kwenye jarida la Zamana la mjini Kanpur lililohaririwa na rafiki yake, Daya Narain Nigam. (Zamana, zamani, zama. Naacha sasa.) Mwaka 1908 akatoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi fupi, Soz-e-Watan. Hadithi tano za mapenzi ya nchi. Mojawapo inauliza kitu kipi ni cha thamani kuliko vyote duniani, na jibu lake ni tone la mwisho la damu linalomwagwa kwa ajili ya nchi.

Wakati huo alikuwa mkaguzi msaidizi wa shule katika wilaya ya Hamirpur. Usiku mmoja yuko kwenye ziara, analetewa amri: mkuu wa wilaya anakutaka mara moja. Akafunga ng'ombe kwenye gari, akasafiri usiku kucha. Alipoingia akakuta kitabu chake kiko mezani kwa Mwingereza. Mkuu yule akamtaka aeleze kila hadithi maana yake. Akaeleza. Akaambiwa ashukuru yuko chini ya utawala wa Waingereza, angekuwa chini ya Wamoghuli, wafalme waliotawala kabla yao, angekatwa mikono yote miwili. Kwa kumbukumbu zake mwenyewe nakala zilipigwa chapa 1,000, zilizouzwa ni kama 300, na 700 zilizobaki akaambiwa azikabidhi. Zikachomwa moto. Tena akaamriwa asiandike chochote bila kukionyesha kwanza.

Hebu fikirini. Mtumishi wa umma mwenye familia, kila hadithi anayoandika lazima apitishe ofisini, hata kama ni ya mtu na mbuzi wake. Nigam ndiye aliyempa jina jipya. Mwaka 1910 ikatoka hadithi ya binti wa nyumba kubwa aliyeolewa kwenye nyumba ya kawaida, Bade Ghar ki Beti, na chini yake jina ambalo hakuna aliyelijua: Premchand. Mkuu wa wilaya alidhani amemnyamazisha Nawab Rai, na kweli Nawab Rai alinyamaza.

#8 Kijana wa Ilala

Na kuhamia Kihindi ilikuwaje? Alikasirikia Kiurdu?

#9 Mleta mada

Hapana, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanakosea.

Wapo wanaosema alihama kwa ajili ya dini au utaifa. Barua zake kwa Nigam zinazungumza habari nyingine: riziki na wasomaji. Kiurdu alikipenda, ndicho alichofundishwa akiwa mdogo, lakini wachapishaji wa Kiurdu walilipa kidogo na walichelewa, na aliona kwamba mwandishi asiye Mwislamu hana nafasi kubwa huko mbele. Upande wa Kihindi kulikuwa na majarida mapya na wasomaji walioongezeka kila mwaka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1910 akaanza kuandika kwa Kidevanagari, na mwaka 1917 kikatoka kitabu chake cha kwanza cha hadithi fupi kwa Kihindi, Sapta Saroj.

Mfano wa wazi ni riwaya iliyompa jina kubwa. Aliiandika kwa Kiurdu kwanza, akaiita Bazaar-e-Husn, soko la uzuri. Mchapishaji wa Kiurdu hakupatikana. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kihindi, akaiita Sevasadan, nyumba ya utumishi, na mchapishaji wa Calcutta akampa rupia 450. Ile ya Kiurdu, yaani ile ya asili, ilisubiri mpaka mwaka 1924 ikatoka Lahore kwa rupia 250. Mtoto wa kwanza alizaliwa wa pili.

Lakini hakuvunja daraja. Riwaya zake kadhaa zilizofuata bado alizianza kwa Kiurdu ingawa zilitoka kwanza kwa Kihindi. Hadithi fupi moja ingetoka kwenye jarida la Kihindi, miezi miwili mitatu baadaye ikatoka kwenye jarida la Kiurdu, pengine kwa jina lililobadilika kidogo na sentensi zilizopindishwa. Ile ya waungwana wawili wa Lucknow wanaocheza sataranji huku ufalme wao unatekwa ilitoka kwa hati zote mbili mwaka 1924. Ndiyo ambayo Satyajit Ray aliifanyia filamu mwaka 1977.

Mtu akiniambia kuandika kwa lugha mbili ni pambo la msomi, namwelekeza hapo. Kwake ilikuwa kazi mara mbili kwa mshahara mmoja. Hadithi ikiisha haijaisha. Inabidi ukae tena chini, uisikie upya kwa sikio la jirani wa pili, uulize: mama huyu ambaye kwa Kihindi nimempa neno la Kisanskriti, kwa Kiurdu atalia kwa neno gani?

#10 Mama Wawili

Weka basi hadithi moja tuione. Maelezo tumeshiba.

#11 Mleta mada

Haya dada. Nitawasimulia Idgah, ya mwaka 1933. Idgah ni uwanja wa sala ya Idi.

Mfungo umekwisha. Kijiji kizima kinakwenda mjini kusali, na watoto ndio wenye siku. Wanahesabu vijisenti vyao na kuvihesabu tena. Mmoja ana pesa 12, mwingine ana 15. Hamid ana miaka minne au mitano, amekonda. Baba yake alikufa kwa kipindupindu, mama naye akawa wa njano, akapukutika, akafa. Mtoto ameambiwa baba amekwenda kutafuta pesa na mama amekwenda kwa Mungu kumletea vitu vizuri, na anaamini, kwa hiyo ana furaha. Analelewa na bibi yake, Amina. Bibi amempa pesa tatu. Viatu hana.

Baada ya sala, viwanja vya sikukuu. Wenzake wanapanda bembea, pesa moja. Hamid anasimama pembeni. Wananunua vinyago vya udongo, askari, mbeba maji, wakili. Hamid anajiambia vitavunjika. Wananunua halua na kashata za kwao, wanamnyooshea mkononi kisha wanaivuta na kuitia kinywani mwao, wanacheka. Anavumilia. (Hiyo ya kunyooshea na kuvuta, nani humu hajafanyiwa?)

Kisha wanapita kwenye duka la vyuma. Wenzake hawatazami hata. Hamid anasimama. Anaona koleo. Anakumbuka bibi yake hana koleo, kila anapotoa chapati kwenye kikaango anaungua vidole. Anauliza bei. Pesa sita. Moyo unamwanguka. Bei ya mwisho? Tano. Anasema, utaniuzia tatu? na anaondoka haraka asisikie akitukanwa. Mwenye duka anamwita arudi.

Anaiweka koleo begani kama bunduki. Njiani anabishana na wenzake mpaka wanakiri kwamba koleo ni shujaa kuliko askari wao wa udongo, na kabla ya jioni vinyago vyote vimevunjika kweli. Anafika nyumbani. Bibi anaiona koleo, anajipiga kifua: mchana kutwa hujala, hujanywa, unaleta koleo? Mtoto anasema kwa sauti ya mkosaji: vidole vyako vilikuwa vinaungua.

Pale Premchand anafanya jambo moja. Mtoto Hamid alikuwa amechukua nafasi ya mzee. Sasa bibi Amina anakuwa mtoto. Anatandaza upande wa nguo yake, anamwombea dua huku machozi yanamdondoka, na mtoto haelewi kwa nini.

Mwandishi ni Mhindu, wahusika wote Waislamu, na hakuna mahali anapowaeleza kama wageni. Hakuna anayesimama kufafanua Idi ni nini. Hilo ndilo maulvi wa utotoni alilompa, na hilo ndilo hati mbili zilimlindia. Miaka ileile wanasiasa wa pande zote mbili walikuwa wanawaambia watu kwamba hizi ni jamii mbili zisizoweza kukaa nyumba moja. Leo hadithi hii iko kwenye vitabu vya shule India.

#12 Mama Wawili

Nimeisomea watoto wangu kwa sauti hii post yako. Mdogo ameuliza kama Hamid alikula.

#13 Mwalimu wa Fasihi

Mleta mada, unaandika vizuri lakini unampamba. Umetaja mke aliyepewa akiwa na miaka 15, kisha mke yule akapotea kwenye uzi. Aliendaje? Halafu kuna hadithi yake Kafan. Waandishi wa Kidalit, yaani watu wa matabaka ya chini kabisa, wamemlaumu kwa haki kabisa. Usiruke.

#14 Mleta mada

Sawa mwalimu, umenishika pazuri.

Mke wa kwanza: ndoa ilikuwa mbaya, kulikuwa na ugomvi na mama wa kambo, akarudi kwao na Premchand hakumfuata. Mwaka 1906 akamwoa Shivrani Devi, aliyekuwa mjane tangu utotoni. Kuoa mjane katika jamii yao kulikuwa kitendo cha ujasiri, na anasifiwa kwacho mpaka leo. Lakini mwanamke wa kwanza alikuwa hai. Mtu aliyeandika kurasa mamia juu ya wanawake walioachwa alikuwa na wa kwake mmoja aliyeachwa, na sioni namna ya kumtetea. Anayelisema hilo ni Shivrani mwenyewe, katika kumbukumbu za maisha yao nyumbani alizotoa mwaka 1944, na alimbana mumewe kwa ajili yake. Shivrani naye alikuwa mwandishi wa hadithi fupi, na alifungwa jela katika harakati za kususia nguo za kigeni. Anastahili uzi wake.

Kafan. Hili neno nalo halihitaji tafsiri, ni kafani, sanda. Ilitoka kwanza kwa Kiurdu kwenye jarida la Jamia, Desemba 1935, kisha kwa Kihindi, Aprili 1936. Baba na mwana, Ghisu na Madhav, wa tabaka la Wachamar, mojawapo ya yale ya chini kabisa, wamekaa nje usiku wa baridi wanachoma viazi vya kuiba. Ndani mke wa Madhav anakufa kwa uchungu wa uzazi, wanasikia akilia. Hakuna anayeinuka kwenda kumwangalia, Madhav anahofia baba yake atamaliza viazi. Asubuhi amekufa. Wanachangisha kijijini, wanapata rupia 5 za kununulia kafani. Wanazunguka madukani, hakuna kitambaa kinachowaridhisha, jioni wanajikuta kilabuni. Wanakunywa, wanakula samaki na maandazi, wanamwombea marehemu pepo kwa kuwashibisha, wanaimba, wanaanguka.

Waandishi wa Kidalit wanauliza: kwa nini uvivu na ukatili huo ukapewa jina la tabaka letu? Mwaka 2004 mjini Delhi kundi la Wadalit lilichoma nakala za riwaya yake Rangbhumi kwa sababu ya namna inavyolitaja jina la tabaka hilo kila ukurasa. Nawaelewa. Ukitukanwa kwa jina hilo tangu utoto, kuliona kwenye kitabu cha darasa si fasihi tu.

Ila naiona sentensi ambayo hadithi yenyewe inaiweka katikati: mahali ambapo wanaofanya kazi usiku na mchana hali yao si bora sana kuliko ya hawa wawili, si ajabu watu wakawa hivi. Na wanaume wawili wanauliza desturi gani hii, aliyekosa kitambaa akiwa hai lazima apate kipya akifa. Hapo mimi nasoma hasira kwa walioitengeneza desturi. Mwalimu, unaweza kusoma tofauti, na sitakubishia sana.

Na kuhusu lugha, angalia jina. Riwaya za nyuma zilibeba jina la Kisanskriti huku na la Kiajemi kule. Hii ni Kafan kwa hati zote mbili. Neno ambalo mkulima wa Lamhi, awe Mhindu au Mwislamu, analijua kwa sababu atalihitaji.

#15 Mwalimu wa Fasihi

Hiyo ya jina sikuwa nimeiona. Endelea, umalizie na maisha yake.

#16 Mleta mada

Kwa haraka basi. Tarehe 8 Februari 1921 Gandhi alihutubia Gorakhpur, akawataka watu waache kazi za serikali. Premchand alikuwepo, mgonjwa wa tumbo, na watoto wawili na mke mjamzito. Alifikiri siku tano, wakajadiliana na Shivrani, akaandika barua ya kuacha kazi ya zaidi ya miaka 20. Mwaka 1923 akaanzisha mtambo wa uchapaji Banaras, Saraswati Press, uliomtia hasara mpaka mwisho. Mwaka 1930 akaanzisha jarida la Hans, serikali ikamdai dhamana. Madeni yakampeleka Bombay mwaka 1934 kuandika filamu kwa rupia 8,000 kwa mwaka. Akaandika moja ya wafanyakazi wa kiwanda, Mazdoor, akatokea ndani yake kidogo kama kiongozi wa wafanyakazi, na wakaguzi wa filamu wakaibana. Hakuyapenda maisha yale. Mwaka uliofuata akarudi kwao.

Aprili 1936 akawa mwenyekiti wa mkutano wa kwanza wa waandishi wa kimaendeleo mjini Lucknow, na akawaambia lazima tubadili kipimo cha uzuri. Mwaka huohuo ikatoka Godaan, riwaya ya mkulima anayetamani kuwa na ng'ombe mmoja. Tarehe 8 Oktoba 1936 akafariki Banaras, na miaka 56.

Picha ya daftari nimeiweka hapo chini, ukurasa wa kwanza wa daftari la pili.

#17 Mwenyeji wa Lamu

Nimekaa nayo tangu alfajiri, nikamwita na baba tusaidiane. Mwandiko wa bibi ni mzuri, ila karatasi imekunywa wino upande wa kushoto. Mistari mitatu ya juu ni hesabu ya mpunga, nani kachukua vibaba vingapi. Chini yake anasema, maneno yake: "Minazi mitatu ya nyuma ya kisima isikatwe, ameipanda marehemu, mmoja kwa kila mtoto."

Baada ya hapo kuna jina, sijui kama ni Bakari au Mbarak, kwa sababu ya ile be na wino uliotawanyika.

#18 Mleta mada

Ni Bakari. Ni baba yangu.

Minazi ilikatwa mwaka tuliojenga choo. Nilikuwepo, nilisaidia kubeba magogo. Bibi alikaa barazani hakusema neno, nasi tukadhani hana la kusema.

Kaka, nakutumia kurasa zilizobaki.